Kalamu ya Kulipwa na Haki ya Msomaji

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, husema Waswahili. Kisha watu haohao, wakifungua duka, husema biashara ni matangazo. Misemo hii miwili imeishi pamoja miaka mingi bila kupatanishwa, na wachache wanaishi katikati yake kila siku kama mwandishi mwandamizi wa maudhui katika kampuni ya masoko. Huyu, katika ofisi za Westlands au Masaki, hupokea brifu ya benki asubuhi, ya kiwanda cha sabuni adhuhuri na ya shirika la afya jioni. Kutokana na brifu hizo hutarajiwa kutoa makala ya tovuti, maneno ya bango la barabarani, tangazo la redio la sekunde 30, ujumbe mfupi wa simu na machapisho ya mwezi mzima ya mitandao ya kijamii. Jina lake halitokei popote. Asiyeijua kazi hii huiona ni kazi ya kupamba, na hata aliye ndani yake, siku za uchovu, huanza kuamini hivyo. Mimi naona vingine. Mwandishi huyu hulipwa na mteja, lakini faida anayompa mteja hutokana na kukaa kwake upande wa msomaji. Na uandamizi ni uwezo, pamoja na mamlaka, wa kubaki upande huo hata pale kikao kizima kinapoegemea bidhaa.

Tazama ni nani wanaokaa kwenye kikao hicho. Meneja wa chapa, aliyetumwa na mteja, ana malengo ya mauzo ya robo mwaka. Meneja wa akaunti, wa kampuni ya masoko, anataka mteja asihame. Msanifu wa picha anataka kazi ipendeze, na anayenunua nafasi redioni na mitandaoni anataka tangazo liwafikie wengi kwa gharama ndogo. Matakwa hayo yote ni halali, na yote yanaweza kutimia hata kama msomaji hakuelewa kitu. Mama anayesoma tangazo la mkopo ndani ya daladala na kijana anayefungua ujumbe wa bima wakati wa mapumziko ya kazi hawakualikwa. Mwandishi ndiye pekee ambaye kazi yenyewe humlazimisha kuwafikiria, kwa kuwa ni vigumu kuandika sentensi bila kumwazia atakayeisoma. Mwandishi mchanga huuliza: nilisemeje jambo hili livutie? Mwandamizi huanza mbali zaidi: tunajuaje kwamba ni kweli, nani atalisoma, na akishalisoma atafanya nini na pesa zake au mwili wake? Maswali hayo huchelewesha kazi, na mara nyingi huwaudhi wenzake. Pia ndiyo yanayotofautisha miaka kumi ya uzoefu na mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi.

Ushahidi wa kwanza uko mifukoni mwa Wakenya. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone ya Uingereza zilianza kujaribu huduma iliyobuniwa ili watu warejeshe mikopo midogo kwa simu, zikishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu. Washiriki hawakuishia kwenye mpango huo. Walianza kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma hiyo, M-Pesa, ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, haikunadiwa kama njia ya kulipa madeni wala kama maajabu ya teknolojia. Kaulimbiu yake ilimwambia mtu atume pesa nyumbani. Katika Kenya ya wakati huo, aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa alipeleka matumizi kijijini kwa mkono wa dereva wa basi, kwa jamaa anayesafiri au kupitia posta, na kila njia ilikuwa na wasiwasi wake. Maneno yale machache yaliitaja haja iliyokuwapo tayari. Mwandishi yeyote angeweza kuyaandika kwa dakika moja. Kazi ngumu ilikuwa kujua kwamba hayo ndiyo ya kuandika, na elimu hiyo ilitoka kwa watumiaji, waliokuwa wameshaupita mpango wa awali wa wakubwa.

Ushahidi wa pili unatoka Tanzania, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifuata utajiri. Katika miaka ya mwisho ya 1990, mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ukitumia mbinu za masoko ambazo kiwanda chochote kingezitumia: utafiti wa wanunuzi, chapa, mawakala wa rejareja. Chapa hiyo iliitwa Zuia Mbu. Kuona busara ya jina hilo, kumbuka waliyoyaandika watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka hiyohiyo: wazazi wengi hawakuihesabu degedege kuwa malaria, bali ugonjwa wa aina yake, ambao mganga wa jadi ndiye wa kwanza kukimbiliwa. Kwa mzazi huyo, tangazo linalosema chandarua huzuia malaria ni kweli, lakini halimhusu mtoto anayemwogopea. Jina la Zuia Mbu halikumtaka mtu akubali kwanza maelezo ya daktari. Mbu alikuwa anajulikana na wote. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet ilikadiria kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Sifa ya uhai huo ni ya chandarua na dawa yake, wala si ya maneno. Lakini chandarua kilichobaki ghalani hakimkingi mtoto, na hapo ndipo msemo wa kwanza unapoonyesha mpaka wake. Kizuri hujiuza pale ambapo uzuri wake unaonekana kwa jicho: embe, kitambaa, samaki aliyevuliwa alfajiri. Uzuri wa chandarua ni ugonjwa ambao haukutokea. Uzuri wa bima ni msiba ambao haujafika. Uzuri wa akiba uko miaka ishirini mbele. Vitu vya namna hii havina namna ya kujieleza sokoni, na jinsi uchumi wetu unavyozidi kuwa wa huduma, ndivyo vinavyozidi kuongezeka. Anayedharau kazi ya kuvieleza anasahau kwamba mnunuzi asiyeelezwa vizuri hanunui kwa busara zaidi. Hununua kwa kubahatisha, au huacha kununua alichokihitaji. Hata hivyo msemo ule una haki yake. Unatukumbusha kwamba maneno mengi yanayozunguka kitu ni dalili ya kutilia shaka, na mwandishi mwandamizi hana budi kuibeba shaka hiyo mwenyewe kabla ya kumwachia msomaji.

Shaka hiyo haiishii kwenye kuuliza kama sentensi ni kweli. Claude Hopkins, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1923 juu ya matangazo ya kisayansi bado kinasomwa na watu wa fani hii, alieleza jinsi alivyoifanyia kazi bia ya Schlitz. Alikizungukia kiwanda, akaona jinsi chupa zilivyosafishwa kwa mashine na jinsi maji yalivyotolewa kwenye visima virefu, akauliza kwa nini hawawaelezi watu. Akajibiwa kwamba viwanda vyote hufanya hivyo. Naye akaona kwamba hakuna kilichowahi kusema, na atakayesema wa kwanza atapata sifa peke yake. Kwa maelezo yake, Schlitz ilipanda kutoka nafasi ya tano hadi kulingana na ya kwanza. Simulizi hii husifiwa kama somo la kutoka ofisini ukaione kazi kwa macho, na katika hilo inastahili sifa. Lakini isome tena kutoka upande wa mnywaji. Kila neno aliloambiwa lilikuwa kweli, na bado aliachwa aamini kwamba bia nyingine hazikuwa safi. Hopkins alimjua msomaji wake vizuri sana. Alichokosa ni kumjali. Kumjua msomaji bila kumjali ni ustadi ambao hata tapeli anao.

Umbali kati ya ukweli wa sentensi na haki ya msomaji ulionekana kwa uchungu zaidi katika biashara ya maziwa ya unga ya watoto. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyewahi kufanya kazi Gold Coast, alisimama Singapore na kuyaita mauaji matokeo ya kuwahimiza akina mama maskini waache kunyonyesha. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu juu ya jambo hilohilo, na mwaka 1977 ukaanza nchini Marekani mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Maziwa yale yalikuwa na virutubisho, na maelekezo ya kuyachanganya yalikuwa yamechapwa kwenye kopo. Ila yaliandikwa kana kwamba kila msomaji ana maji safi, kuni za kuyachemshia, uwezo wa kuyasoma maelekezo na pesa za kununua kopo jingine la kwanza likiisha. Asiye na hivyo aliyazimua maziwa ili yadumu, katika maji aliyokuwa nayo. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa bidhaa hizo kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani; Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Ilihitaji miongo kadhaa na sheria za mataifa kuleta mezani swali ambalo mtu mmoja mwenye mamlaka angeweza kuliuliza brifu ilipofika: anayesoma haya anachota maji wapi?

Msomaji makini ataniuliza kama huu si ujinga wa makusudi. Mwandishi analipwa na mteja. Akijifanya wakili wa msomaji, si anakula chumvi ya mteja kisha anamsaliti? Jibu linategemea mteja anauza nini. Katika kazi nyingi za kampuni za masoko, maslahi ya pande mbili hukutana ukiyatazama kwa muda mrefu kidogo. Benki ambayo mkopaji wake hakuelewa riba hupata mkopo mbovu. Kampuni ya bima ambayo mteja wake hakuelewa masharti hupata kesi na jina baya. Tena mteja ana watu wengi ndani ya nyumba yake wa kumsifia bidhaa. Anapokwenda nje kuajiri kalamu, ananunua jicho lisilo la ndani, hata kama hajui kwamba ndilo alilokuja kununua. Lakini nakiri kuna biashara ambazo hoja hii haizifikii: zile ambazo faida yake hutokana na msomaji kutoelewa. Kamari ya simu ni mojawapo, kwa sababu hesabu yake imepangwa ili wachezaji, wakijumlishwa, wapoteze. Mwezi Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Serikali haifiki hapo mahali ambapo waandishi walikuwa na nafasi ya kusawazisha mambo kwa kubadili kivumishi. Kwa mteja wa aina hiyo kukaa pande zote mbili haiwezekani, na kilichobaki ni kukataa kazi au kukubali kwamba umechagua upande.

Hapo huja pingamizi la pili, la zamani kuliko matangazo yenyewe: nikikataa, ataandika mwingine. Ni kweli, mara nyingi ataandika mwingine. Ila pingamizi hili linadhani kuwa kazi ya dhamiri ni kukataa tu, ilhali sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwenye marekebisho madogo yasiyotangazwa. Ni kuuliza kama neno “bure” lina masharti, na kuyaandika masharti hayo kwa herufi zinazosomeka. Ni kuhakikisha kwamba riba imetajwa kwa mwaka kama imetajwa kwa siku. Ni kuondoa picha ya daktari asiye daktari. Ni kumwambia meneja wa chapa kwamba utafiti anaoutegemea ulifanywa na kampuni yake mwenyewe, hivyo neno “imethibitishwa” halifai. Mwandishi mchanga hawezi kuyasema haya kwa urahisi. Ana kodi ya nyumba na mkataba wa miezi sita. Mwandamizi naye ana kodi na karo, lakini ana kitu cha ziada: neno lake lina uzito, na kuondoka kwake kuna gharama. Akikaa na uzito huo miaka kumi bila kuutumia hata mara moja, basi cheo chake ni cha mshahara tu.

Pingamizi la tatu ni la juzi. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, maneno laini yamekuwa rahisi kupatikana kuliko maji. Programu huandika makala kumi za tovuti kwa muda ambao mtu huchukua kunywa chai, na wako wakurugenzi walioanza kuuliza mwandishi mwandamizi ni wa nini. Kama kazi yake ilikuwa kupamba, swali hilo ni la haki na jibu lake ni baya kwake. Lakini kilichoshuka bei ni ulaini, wajibu haukushuka. Mwaka 2024 baraza moja la usuluhishi la British Columbia, Canada, liliamua kesi ya abiria aliyepewa na programu ya mazungumzo ya tovuti ya Air Canada maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba. Shirika hilo lilijitetea, pamoja na mengine, kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea na kinachobeba lawama zake. Baraza lilikataa: yaliyo kwenye tovuti ya shirika ni maneno ya shirika, awe ameyaandika nani. Uamuzi huo unaeleza hali mpya kuliko hotuba nyingi. Maneno yasiyo na mtu nyuma yake hayapo. Yakizidi kuwa mengi, ndivyo anavyohitajika mtu wa kuyasoma kabla ya umma, akijua maji yanachotwa wapi na degedege inaitwa nini nyumbani kwa mgonjwa, na kusema hili litoke, hili lisitoke.

Huenda msomaji wa jarida la fasihi akaona bado tunazungumzia wafanyabiashara, si waandishi; kwamba maneno ya kuagizwa, yasiyo na jina, hayawezi kuwa na heshima. Aitazame kanga. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara wa pwani, na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa akiwa maarufu miongoni mwao, wamechapisha misemo kwenye nguo hiyo ili iuzike. Maneno hayo ni ya biashara kabisa, na wengi walioyatunga hawajulikani. Lakini yalipita mtihani mgumu kuliko wa mhakiki: mwanamke aliyeinunua kanga alikuwa anakwenda kusema nayo. Alichagua msemo wa kumjibu jirani, wa kumbembeleza mume, wa kumshukuru mama, na usiposema lililo moyoni mwake aliuacha dukani. Mtunzi asiyejulikana hakuwa na njia ya kuuza isipokuwa kuandika kwa niaba ya mvaaji. Ndiyo maana misemo ile imeingia katika lugha yetu na kubaki, wakati kaulimbiu nyingi za makampuni makubwa zaidi zimesahaulika pamoja na kampeni zake. Kukosa jina hakukuwapunguzia watunzi wale kitu. Mwandishi wa maudhui angepungukiwa kama angeandika kwa ajili ya anayelipa peke yake, awe amesaini au hakusaini.

Kama hoja hii inasimama, basi kampuni nyingi zinapima vitu visivyofaa. Humpandisha mwandishi cheo kwa wingi wa makala, kwa idadi ya waliobofya, kwa tuzo zilizopangwa mapokezi. Vipimo hivyo vyote mashine itavishinda, au imeshavishinda. Vipimo viwili vya kweli ni rahisi kuvitaja na ni ghali kuvitimiza. Kwanza, je, mwandamizi anaweza kusimamisha sentensi moja mpaka mtu ajibu kama ni kweli, bila kuomba ruhusa ya anayegombania mauzo? Pili, je, amepewa saa za kutoka ofisini, kwenda kwa wakala wa pesa, zahanati, sokoni, akasikie watu wanavyolitaja tatizo kabla brifu haijalipa jina? Asipokuwa na la kwanza, ni mchapaji wa mshahara mkubwa. Asipokuwa na la pili, atamtetea msomaji aliyemtunga kichwani. Na mteja akiuliza kwa nini alipie mtu aliyemchelewesha siku mbili kwa ajili ya neno moja, aambiwe wazi kwamba alichonunua ni hizo siku mbili. Maneno yenyewe siku hizi hupatikana bure.